Chelezo na Waya: Kuisoma Piper Cub kama Matini

Mbele kabisa ya kioo cha Piper J-3 Cub, juu ya kifuniko cha tangi la petroli, umechomoza waya mwembamba uliopindwa ncha. Mguu wa waya huo umeshikizwa kwenye chelezo cha gome jepesi, gome lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na chelezo kinaelea ndani ya tangi kama vieleavyo vyelezo vya wavuvi juu ya nyavu zao. Tangi likijaa, waya husimama mrefu. Safari ikiendelea, waya hupungua kimo polepole hadi ncha yake inapokaribia kulala juu ya kifuniko. Hakuna kipimo kingine cha mafuta ndani ya ndege hii. Waya hautaji lita: unataja mwelekeo, na unautaja mahali hasa ambapo macho ya rubani yanapaswa kuwa, kwenye mstari unaokutanisha pua ya ndege na upeo. Vipimo vingine vyote vimepangwa kwenye ubao ulio chini ya mstari huo, na kuvisoma ni kuacha kwa muda kuitazama dunia; huu mmoja umepandwa ndani ya mandhari yenyewe, hivi kwamba anayeangalia aendako anaona pia kilichosalia cha kumfikisha. Naanza usomaji wangu hapa kwa kuwa sifa hii, ya kuifanya taarifa iwe kiungo cha tendo lenyewe, ndiyo inayoitawala matini nzima, kuanzia chelezo hadi mkiani.

Anayechagua ndege nyepesi ya kujifunzia huchagua ndani ya arudhi. Mwaka 2004 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitunga kanuni za ndege nyepesi za michezo, na kanuni hizo zinasomeka kama masharti ya bahari moja ya ushairi: viti visizidi viwili, injini iwe moja ya pistoni, magurudumu yasikunjwe tumboni, uzito wa kuruka usizidi takriban kilo 600, mwendo wa juu usipite kilomita 222 kwa saa, na bawa liweze kuendelea kuibeba ndege hata mwendo unaposhuka hadi kilomita 83 kwa saa. Mwanafunzi naye alipewa mizani yake: saa 20 za kuruka kwa uchache, 15 kati ya hizo akiwa na mwalimu na 5 akiwa peke yake, na leseni ya udereva wa gari ikakubaliwa kuwa ushahidi wa afya yake. La kuvutia ni kwamba Cub ilikuwa na zaidi ya miaka 60 kanuni hizi zilipoandikwa, na bado iliingia ndani yake bila kupunguzwa wala kuongezwa kitu. Sisi tuliolelewa na mashairi tunalifahamu jambo hili. Mtaalamu wa arudhi huja baada ya malenga. Huhesabu kile ambacho masikio ya watu yalikwisha kukikubali, akakipa jina la sheria. Wale walioandika kanuni za 2004 walikuwa, kwa kiasi kikubwa, wakihesabu mizani ya ndege kama Cub.

Mizani ya uzito inastahili kukaguliwa kwa utulivu, maana ndipo kila mbunifu anapoonyesha anathamini nini. Cub tupu ina uzito wa takriban kilo 345 na inaruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 553. Zinabaki kilo 208. Tangi lake la lita 45 likijazwa linakula kilo 32 au 33, na watu wawili wa kilo 80 kila mmoja wanakula 160. Salio ni kilo 15, labda mfuko wa nguo na chupa ya maji. Linganisha na Cessna 162, iliyoanza kufikishwa kwa wanunuzi mwaka 2009 na ambayo uundaji wake ulisitishwa mwaka 2013: ndege ya bati zuri la alumini na skrini za kisasa, yenye uzito mtupu wa takriban kilo 378 chini ya dari lile lile la kilo 600. Ikijazwa mafuta, inawaachia mwalimu na mwanafunzi kilo 156 au karibu na hapo kwa wote wawili. Nafasi imekwisha kabla shairi halijaanza. Flight Design CT, iliyounganishwa kwa miaka mingi huko Kherson, Ukraine, ilitatua hesabu hiyo kwa njia nyingine: kiwiliwili cha nyuzi za kaboni, kilo 320 hivi, na ndani ya uzito huo ikapata mahali pa kufungasha mwavuli mkubwa unaoweza kuishusha ndege nzima, abiria na yote. Kila moja ya ndege hizi ni jibu kwa swali moja: kilo chache ulizopewa utazitumia kusema nini? Cub ilizitumia zake karibu zote kwenye bawa. Meta 10.7 kutoka ncha hadi ncha, eneo la meta za mraba 16 na nusu, kitambaa kilichopakwa rangi ya kukikaza juu ya mbavu nyepesi, na kiwiliwili cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Kila kisichokuwa bawa kiliachwa kijitetee: hakuna betri, hakuna taa, hakuna redio, hakuna flapu.

Ufukara huo una historia, nami nitaipita kwa haraka. Ndege mama, E-2, ilitoka mwaka 1930 katika karakana ya Taylor mjini Bradford, Pennsylvania. Kampuni ilifilisika, na William Piper, mtu wa visima vya mafuta, akaichukua kwa fedha kidogo. Mwaka 1937 kiwanda kiliungua, na kazi ikahamia Lock Haven, katika jengo lililokuwa kiwanda cha hariri. J-3 ilitokea huko, ikapakwa manjano na kuchorwa mstari mweusi wa radi ubavuni, na hadi mwaka 1947 zilikuwa zimeundwa karibu 20,000. Injini iliyozoeleka ilikuwa Continental ya nguvu za farasi 65. Kwa mwendo wa safari ndege hufikia kilomita 120 kwa saa, ambao dereva wa basi la mikoani angeuona wa kawaida.

Sasa tuingie ndani, na hapa msomaji mwenzangu anivumilie kidogo, maana mpangilio wa viti ndio uamuzi wa kisanii mkubwa kuliko wote katika matini hii. Ndege nyingi za leo za aina hii huwaketisha watu wawili bega kwa bega. Cub inawaketisha mmoja nyuma ya mwingine, na mwanafunzi ndiye wa nyuma. Sababu ni ya kimekanika: rubani akiruka peke yake, uzito wake unapaswa kuwa nyuma ili ndege ikae sawa, kwa hiyo aliye njiani kuwa rubani hufundishwa kwenye kiti atakachokalia siku ya upweke wake. Lakini sababu ya kimekanika imezaa athari ya kimtazamo. Mwanafunzi anauona ulimwengu kupitia mabega ya mwalimu. Ubao wa vipimo umefichwa na mgongo; ili asome mwendo lazima aegemee upande, achungulie chini ya kwapa la mtu, na baada ya saa mbili tatu anaacha kuchungulia, anaanza kusikiliza. Anajifunza kwamba upepo unaopita kwenye kitambaa una sauti moja ndege inapokwenda vizuri na sauti nyingine inapolegea. Anajifunza umbali uliopo kati ya bawa na upeo. Mwalimu naye hauoni uso wa mwanafunzi. Anamjua kwa mikono yake tu, kupitia fimbo mbili zilizounganishwa sakafuni, hivi kwamba woga wa aliye nyuma humfikia aliye mbele kama mtetemo wa chuma.

Kisha inafika siku ambayo mwalimu anashuka. Sijui umbo jingine la ufundishaji linaloitendea siku hiyo haki kama hili. Katika ndege ya bega kwa bega, mwalimu akiondoka kinachobaki ni kiti kitupu pembeni, na mandhari ya mbele ni yale yale. Katika Cub, mwalimu akiondoka pazia linafunguka. Ubao wote wa vipimo unaonekana kwa mara ya kwanza bila kizuizi, waya wa chelezo unasimama wazi mbele ya kioo, na ndege, iliyopunguziwa kilo 80 kati ya 500 na ushei, inaachana na ardhi mapema kuliko mikono ilivyotarajia. Vipimo vinapatikana siku ile ambayo mwanafunzi amekwisha kujua kuruka bila kuvitegemea. Mtunzi wa riwaya aliyeweza kuipanga siri yake ifichuke kwa wakati sahihi kiasi hiki angestahili sifa nyingi.

Kabla ya kuruka kuna mlango wa matini, nao ni wa mdomo. Cub haina stata. Mtu mmoja husimama mbele na kuizungusha rafadha kwa mkono, au pangaboi kama wasemavyo mafundi wengi, na mwingine hukaa ndani akiwa amekanyaga breki kwa visigino. Wanaitana. Aliye nje anauliza kama swichi imezimwa, aliye ndani anaigusa na kujibu kuwa imezimwa. Anauliza juu ya breki, anajibiwa. Rafadha inazungushwa kwanza bila moto ili injini ivute petroli. Kisha ombi la kuwasha linatolewa, swichi inafunguliwa, na jibu linarudishwa kwa maneno yale yale. Ni utaratibu wa mwita na mwitikiaji, na kama ilivyo kwa kitendawili kisichotegwa kabla hapajasikika tega, hakuna anayepiga hatua mpaka itikio limesikika. Tofauti ni kwamba itikio la uongo hapa linaweza kumkata mtu mkono. Nasisitiza urudiaji wa maneno kwa kuwa ndio mbinu yenyewe: maneno yakibadilishwa kila siku, sikio huanza kusikia maana na kuacha kuhakiki, ilhali maneno yasiyobadilika humfanya msikilizaji agutuke neno moja linapokosekana.

Ndege za kisasa hazijaupoteza kabisa usikivu huu. Injini ya Rotax 912 ya Austria, inayotumika kwenye nyingi kati yake, huhifadhi oili katika tangi la pembeni, na kabla ya kupima kiasi chake rubani hupaswa kuizungusha rafadha kwa mkono, mara nyingi, uelekeo wake wa kawaida, mpaka tangi litoe mgugumio kama wa mtoto aliyeshiba. Ndipo oili yote imerudi, ndipo kijiti cha kupimia kinasema kweli. Ndege yenye skrini mbili za rangi bado inamtaka mtu asimame kimya uwanjani, mkono kwenye rafadha, akisubiri sauti.

Turudi kwenye Cub na tuitazame sarufi yake hewani. Mwanafunzi akitaka kupinda kushoto, anasogeza fimbo kushoto. Kibawa cha pembeni cha kulia kinashuka, bawa la kulia linapata nguvu zaidi ya kuinuka, na pamoja na nguvu hiyo linapata mvuto zaidi wa kulirudisha nyuma. Matokeo yake pua, kabla ya kwenda kushoto ilikotumwa, inajivuta kidogo kulia. Nitauita huu mkengeuko kinzani. Dawa yake ni mguu: pedali ya kushoto ikanyagwe pamoja na fimbo, kwa kiasi kile kile na kwa wakati ule ule, ili usukani wa mkia uifute hatia ya bawa kabla haijaonekana. Wabunifu wa baadaye walitafuta kila hila kuupunguza mkengeuko huu, na katika ndege nyingi za sasa mtu anaweza kuzembea kwa miguu yake miaka mingi bila kuonywa. Cub inaonya papo hapo, na inaonya mwili. Cub nyingi hazina hata kile kigololo cha kwenye mrija kinachoonyesha utelezi. Kipimo ni kiti. Miguu ikichelewa, makalio yanasukumwa upande mmoja kama ya abiria wa daladala kwenye kona kali. Wolfgang Langewiesche, aliyechapisha mwaka 1944 kitabu chake mashuhuri Stick and Rudder, aliijenga hoja yake kubwa juu ya ukweli kwamba usukani wa mkia haupo kwa ajili ya kuipindisha ndege, upo kwa ajili ya kusahihisha makosa ya vibawa. Na naamini ni vigumu kwa hoja hiyo kuzaliwa ndani ya ndege isiyokosea waziwazi. Thamani ya kosa hili kiumbo iko katika kusomeka kwake. Kosa moja, sababu moja, dawa moja, na muda kati ya kosa na habari zake ni nusu ya sekunde.

Mtaala wa mwanafunzi unayajenga juu ya sarufi hiyo mazoezi ambayo mtazamaji wa chini huenda akayaona ya kitoto. Katika moja, anachagua mti uliosimama peke yake shambani na kuuzunguka kutoka meta 200 au 300 juu, akitakiwa umbali wake na mti usibadilike. Siku isiyo na upepo ni zoezi jepesi. Upepo ukivuma, mlalo mmoja wa bawa unaodumishwa bila kubadilika hauchori duara ardhini. Unachora pete zinazoserereka kuelekea upepo unakokwenda. Basi rubani analazimika kulilaza bawa zaidi anaposukumwa na upepo kutoka nyuma, kwa kuwa anaipita ardhi kwa kasi, na kulinyanyua anapoukabili, kwa kuwa ardhi sasa inapita taratibu. Mlalo haurudii kiasi kimoja hata kwa sekunde mbili mfululizo. Mtu aliye ndani anahisi badiliko lisilokoma. Mtu aliye chini ya mti, akitazama juu, anaona duara tulivu. Ninalihesabu zoezi hili kuwa kazi bora kabisa ya ufupisho. Ndani ya dakika mbili mwanafunzi ameonyeshwa kwamba hewa ni chombo kinachosafiri na yeye yumo ndani yake, jambo ambalo nahodha wa jahazi anayekata mkondo wa Pemba angemweleza kwa maneno machache sana.

Kiini cha matini, hata hivyo, ni kule bawa linakokataa. Nitatumia neno kuzirai, kwa sababu bawa halivunjiki wala halichoki. Linapoteza fahamu na likihudumiwa vizuri linazinduka. Rubani akizidi kuvuta fimbo nyuma, bawa linaukabili upepo kwa pembe kubwa na kubwa zaidi, mpaka hewa inayopita juu yake inashindwa kuufuata mgongo wake na kujitenga. Kuzirai ni suala la pembe. Mwendo ni dalili tu, na ndiyo sababu bawa linaweza kuzirai hata ndege ikiwa na kasi, ilimradi mkono umeivuta kupita kiasi. Ndege za leo hutangaza hatari hii kwa honi, kwa taa, au, kama katika Icon A5, kwa saa maalumu inayochora pembe yenyewe. Cub ina mlango. Mlango wake uko kulia, umekatwa vipande viwili, cha juu kinainuliwa hadi chini ya bawa na cha chini kinashushwa kuning'inia ubavuni, na siku za joto marubani huruka ukiwa wazi. Wanaoijua husimulia kwamba pembe ikikaribia mwisho, hewa hubadili njia ubavuni na kile kipande cha chini kinaanza kuinuka chenyewe, taratibu, kama mkono wa mtu anayeomba nafasi ya kusema. Hakuna aliyekisanifu kwa kazi hiyo. Lakini uhakiki hauna haja ya kujua mtunzi alikusudia nini pale umbo linapotenda wazi kiasi hiki: onyo limetolewa na hewa ile ile ambayo linaonya juu yake, bila tafsiri katikati, nalo linaonekana kwa pembe ya jicho la kulia bila kuuacha upeo.

Polepole ya Cub, basi, ni fadhila ya usomaji. Ndege inayozirai kwenye kilomita 61 kwa saa na nyingine inayozirai kwenye 83 zinaonekana kukaribiana kwenye karatasi, lakini nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili, na ya pili hugusa ardhi ikiwa na nishati inayokaribia mara mbili kwa kila kilo yake. Kwa anayejifunza, tofauti hiyo ni muda. Ni muda pia kwa anayetafuta: huko Tsavo, Kenya, ndege za ukoo huu huu, Super Cub, ambazo uundaji wake ulianza mwaka 1949 kwa injini zenye nguvu zaidi, zimetumika miaka mingi kuwafuata ndovu na kuwasaka majangili, kwa kuwa huweza kwenda taratibu kiasi cha rubani kuusoma unyayo kwenye mchanga mwekundu na kisha kutua kando yake. Nimefurahi kuona kwamba kanuni mpya za Marekani zilizotolewa mwaka 2025, zilipopanua aina za ndege ambazo rubani wa daraja hili anaruhusiwa kuziendesha, ziliacha kumpimia kwa kilo na kuweka mwendo wa kuzirai kuwa kipimo, kilomita 109 kwa saa bila flapu. Mizani imehama kutoka kwenye uzito na kuja kwenye upole. Kwa maoni yangu ilipaswa kuwa hapo tangu mwanzo.

Yote haya hukusanywa katika mzunguko wa kutua, ambao ni ubeti wa fani hii, unaorudiwa na mwanafunzi mara nyingi kuliko umbo jingine lolote. Kupaa dhidi ya upepo; kukata upande; kurudi sambamba na njia ya kurukia, meta 300 juu, upepo ukiwa nyuma; kukata tena; na mshororo wa mwisho, ulionyooka, ambao kwa bahati njema lugha yetu inauita kwa jina lenye maana zote mbili zinazohitajika: kituo. Kilicho kizuri katika ubeti huu ni kwamba uamuzi wa kituo unafanywa mapema, kwenye mshororo wa tatu, ndege inapokuwa ubavuni mwa mahali pa kutua. Joto la kabureta linafunguliwa kuzuia barafu, mkono wa mafuta unarudishwa nyuma, na tangu hapo kinachoendelea ni kuteremka kwenye mteremko usioonekana ambao mwanafunzi ameuchora kichwani.

Akiwa juu mno, Cub haina flapu za kumshusha. Inampa kitu kingine. Analaza bawa upande mmoja na kukanyaga pedali ya upande wa pili. Ndege inageuza ubavu wake kuelekea inakokwenda, kitambaa chote cha kiwiliwili kinaukabili upepo kama tanga lililotegwa vibaya, na kimo kinamwagika bila mwendo kuongezeka. Hili ni kosa lile lile ambalo mwanafunzi amekanywa wiki nzima, fimbo na mguu kupingana, sasa limeitwa kwa hiari na kupewa kazi. Washairi wetu wanalijua jambo hili kwa jina la uhuru wa mshairi: kufupisha neno, kulirefusha, kugeuza mpangilio wake ili mizani itimie, ruhusa wanayopewa wale tu ambao tumekwisha kuhakikisha kwamba wanaijua lugha sanifu. Asiyeijua, tunasema amekosea. Mteremko wa ubavu ukifanywa vizuri hauna shaka hata chembe. Bawa linalala, linakaa, na kwa wakati wake linanyooshwa mara moja, na njia ya kurukia inakuwa pale pale ilipotakiwa kuwa.

Meta chache juu ya nyasi mwendo unaanza kuisha, na fimbo inaanza safari yake ndefu kurudi tumboni. Hapa mkono unafanya jambo linalopingana na matarajio: kadiri hewa inavyodhoofika juu ya mkia, ndivyo mwendo wa mkono unavyopaswa kuwa mkubwa ili upate athari ile ile, na ishara zinapanuka ilhali matokeo yanasinyaa. Pua imepanda na kuifunika njia yote. Mwanafunzi haoni tena aendako. Anaona nyasi za kushoto na nyasi za kulia, na kutokana na jinsi zinavyopanuka anakisia kimo chake kwa kiasi cha shubiri. Anakataa kutua. Huo ndio mkazo wa mwisho: kuizuia ndege isitue, kuizuia tena, mpaka bawa lizirai lenyewe likiwa kimo cha goti, na magurudumu yote matatu, mawili ya mbele na lile dogo la mkiani, yaguse kwa pamoja.

Wengi hulegea hapo, na Cub haikusudii walegee. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo juu ya ardhi inakwenda kama mshale uliorushwa mkia ukitangulia: kila kupinda kidogo kunaitisha kupinda zaidi, na ikiachiwa itajizungusha kama pia na kulala kwenye ncha ya bawa. Ndege za gurudumu la puani hunyooka zenyewe zikishagusa. Cub inaendelea kuulizia miguu, kushoto, kulia, kushoto, miguso midogo isiyoonekana kwa mtu aliye nje, hadi kasi imekuwa ya mtu anayetembea na bado baada ya hapo. Inaviringika hadi pembeni mwa uwanja. Swichi inazimwa, rafadha inajikokota nusu mzunguko na kusimama, kipande cha chini cha mlango kinaning'inia tuli. Mbele ya kioo, waya umebakiwa na kimo cha vidole vitatu.